Angel Dust ya Faith No More: gitaa linameza kinanda, tunakosea wapi?

kinanda_tano:
Wakuu, habari za humu.

Bendi ina watu watano: dramu, besi, gitaa moja, kinanda na mwimbaji. Tumechagua nyimbo tatu kutoka Angel Dust, albamu ya 1992 ya bendi ya roki ya Marekani Faith No More, yaani Midlife Crisis, Everything's Ruined na A Small Victory. Noti kila mtu anazo, lakini tukipiga pamoja kinachotoka ni bendi nyingine kabisa.

Gitaa likiingia kwenye kiitikio, kinanda kinapotea. Kinanda kikiongezwa, mwimbaji anapotea. Mdundo wa kuzungusha wa Midlife Crisis tunaupiga kutoka kwenye simu, na kila tukifika katikati ya wimbo dramu na simu zimeshaachana njia. Mwimbaji naye akimaliza ule ubeti wa kukwaruza, kiitikio kinamshinda.

Vifaa: gitaa lenye shingo ya inchi 24.75, nyuzi seti ya 10 hadi 46, limeshushwa mpaka C. Amplifaya ya transista wati 100, geini (kitufe cha kukwaruza sauti) iko kwenye 8. Besi ya nyuzi nne, tyuni ya kawaida. Kinanda cha funguo 61. Mikseri ya chaneli 12, spika mbili za inchi 15.

La mwisho, la udadisi. Albamu hii inatajwa kila mahali kuwa ndiyo iliyozaa nusu ya metali ya miaka ya 90 na 2000. Nikiisikiliza sisikii bendi kama Korn wala Slipknot humo ndani. Huo ushawishi uko wapi?

---

FundiMitambo:
Mkuu, usiguse mikseri kwanza. Anza na mpangilio wa ala, maana hata mikseri ya chaneli 48 haiwezi kuokoa ala tatu zinazogombea chumba kimoja.

Bendi nyingi za metali gitaa ndiyo nyumba, vingine ni samani. Angel Dust imejengwa kinyume. Uzito umebebwa na besi ya Billy Gould na dramu za Mike Bordin, rangi yote imetoka kwenye kinanda cha Roddy Bottum, na gitaa la Jim Martin linaingia kama msumeno, linakata, linatoka. Sikiliza ubeti wa Midlife Crisis ukihesabu ni sekunde ngapi gitaa liko mbele. Ni chache mno. Ndiyo maana likiingia kwenye kiitikio unahisi dari limeshuka. Mpiga gitaa wako akijaza ubeti wote, kiitikio kitakuwa hakina pa kupanda.

Sasa kazi yenyewe.

Rudisheni gitaa kwenye tyuni ya kawaida. Uzi mnene wa E ni kama 82 Hz, ukiushusha hadi C unafika kama 65 Hz. Hapo ni uwanja wa besi na kiki, ile dramu kubwa ya mguu. Lakini kuna ubaya wa pili ambao watu hawauoni: seti ya 10 hadi 46 kwenye shingo ya inchi 24.75 ikishushwa toni mbili inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiupiga kwa nguvu, uzi unaanza juu ya noti yake halafu unateremka. Bendi isiyo na kinanda inaweza kuvumilia hilo. Kinanda hakiteremki na mtu, noti yake iko palepale, kwa hiyo kila pigo la gitaa linasikika limechacha. Nyimbo zenu zote tatu zinapigika vizuri kwa tyuni ya kawaida.

Geini toka 8 mpaka 4, ikizidi 5. Geini kubwa inabana sauti na kumwaga mawimbi ya juu kila mahali, ndiyo hayo yanayokalia kinanda na herufi za mwimbaji. Ukitaka ukali ongeza nguvu ya mkono na kitufe cha sauti za kati cha amplifaya, usiongeze geini. Na gitaa lipige noti mbili tu za kodi (noti zinazopigwa pamoja), yaani ya mzizi na ya tano. Ile noti ya tatu, inayosema kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, mwachie kinanda. Gitaa lenye geini likipiga noti tatu kwa pamoja zinasagana na kutoa ukungu, lakini likipiga mbili huku kinanda kikiweka ya tatu oktavo moja juu, kodi inasimama wima na kila mtu anasikika.

Kinanda: mkono wa kushoto usishuke chini ya C iliyo oktavo moja chini ya C ya kati, yaani kama 130 Hz. Huko chini ni kwa besi. Halafu fungua mipangilio ya sauti unayotumia, ya nyuzi au ya kwaya. Ukikuta muda wa sauti kuanza uko milisekunde 100 au zaidi, kodi zako zinafika zimechelewa na mtalaumiana na mpiga dramu bure. Shusha hadi 20 au 30. Muda wa sauti kuisha uwe kati ya milisekunde 400 na 600, kwa sababu ukiuacha sekunde 2 kodi ya zamani inaikanyaga mpya. Mwangwi wa ndani ya kinanda uzime wote, ukumbi una wa kwake.

Ndipo uje kwenye mikseri. Gitaa: kata chini ya 100 Hz, punguza dB 3 kwenye 400 Hz, punguza dB 2 kwenye 1.5 kHz. Kinanda: kata chini ya 150 Hz, ongeza dB 2 kwenye hiyohiyo 1.5 kHz. Besi: punguza dB 2 hadi 3 kwenye 250 Hz, ongeza dB 2 kati ya 800 Hz na 1 kHz ili vidole visikike. Mwimbaji: kata chini ya 100 Hz, halafu eneo la 2.5 hadi 4 kHz asilisogelee mtu mwingine.

Mpangilio wa kupandisha sauti: dramu na besi kwanza mpaka zisimame zenyewe, kisha kinanda, kisha mwimbaji, gitaa la mwisho. Lipandishe polepole na usimame pale tu unapogundua lipo. Katikati ya shoo kinanda kikipotea, shusha gitaa, usipandishe kinanda. Ukianza kupandisha, dakika kumi baadaye kila kitu kiko kwenye nyekundu na spika zinalia.

Na usitandaze kinanda kushoto na kulia kama kwenye albamu. Kwa spika mbili za ukumbini, aliyekaa upande mmoja atasikia nusu ya wimbo. Tumia mono, yaani sauti ileile kwenye spika zote mbili.

---

BesiNaMoyo:
Fundi kamaliza upande wa sauti. Mimi nije kwenye dramu na huo mdundo wa simu.

Chanzo cha tatizo kwanza. Midlife Crisis haikuanza na dramu tupu. Ndani ya mdundo wake kuna sampuli, yaani kipande kilichokatwa kutoka kwenye rekodi nyingine, ya wimbo wa Cecilia wa Simon & Garfunkel, na Bordin amepiga juu yake. Kwa hiyo mdundo una tabaka mbili, moja ya mashine isiyochoka na moja ya mtu. Kama mtu hasikii mashine sikioni, tabaka zitaachana tu.

Piga hesabu. Tuseme lupu yenu, yaani huo mdundo wa kuzungusha, iko kwenye mapigo 90 kwa dakika na mpiga dramu anapiga 91. Baa moja ya mapigo manne kwa 90 ni sekunde 2.667, kwa 91 ni 2.637. Tofauti ni milisekunde 29 na ushee, hakuna anayeisikia. Baada ya baa 8 zimekuwa milisekunde 234, zaidi ya theluthi ya pigo. Hapo hata mlevi aliye mlangoni anajua kuna kitu kimeharibika. Na 90 kwa 91 ni mpiga dramu mzuri, jamani.

Dawa ni kumpa mpiga dramu metronomu na lupu kwenye spika za masikioni, za kuziba kabisa, na wengine wote wamfuate yeye. Wengine wasisikilize simu. Tengeneza faili ya stirio: kushoto weka metronomu pekee, kulia weka lupu. Kushoto iende kwa mpiga dramu tu, kulia iende kwa mpiga dramu na kwenye mikseri. Waya wa kugawa stirio kuwa mono mbili unatosha. Weka baa mbili za metronomu tupu kabla lupu haijaanza, vinginevyo ataanza kwa kubahatisha.

Angalia na hili, linawaumiza wengi: faili imerekodiwa 44.1 kHz, kifaa kinaisoma kama 48 kHz. Mdundo unaenda kasi kwa karibu asilimia 9 na unapanda karibu robo tatu ya toni. Bendi nzima inadhani gitaa limelegea, wanatyuni upya, kumbe ni faili. Kabla ya kumlaumu mtu, piga lupu pamoja na kinanda peke yake.

Ukikata lupu, kata pale wimbi linapopita kwenye sifuri. Usipofanya hivyo utasikia "tk" kila inaporudi mwanzo. Na usitumie MP3 kwa lupu. Inaongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, na kila mzunguko kile kimya kinajirudia. Tumia WAV.

Na kama mnafikiria kupandisha video yenu mtandaoni, msikate sampuli kutoka kwenye albamu. Rekodini wenyewe: makofi ya watu watatu, tomu moja (dramu ya sauti nene isiyo na nyaya), njuga au kitu cha kutikisa, mdundo wa baa mbili. Utafanana vya kutosha, na hamtakuwa mmetumia rekodi ya mtu, ingawa wimbo wenyewe bado una hakimiliki ya watunzi.

Kuhusu upigaji wenyewe, Bordin ni mshoto, na akiwa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley alisoma ngoma za Afrika Magharibi. Hilo linasikika. Tomu ndizo zinazozungumza, hazikai kusubiri mwisho wa baa nne ili zijaze pengo. Mwambie mpiga dramu wako apunguze matoazi kwa nusu kwenye beti. Matoazi yanakaa juu ya 3 kHz, na kwenye ukumbi mdogo yanaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji na kurudi mara ya pili kwenye spika. Mkiyapunguza, mwimbaji anasikika bila kugusa kitufe.

Besi: cheza karibu na mahali shingo inapokutana na bodi kwenye beti, rudi karibu na daraja kwenye kiitikio. Everything's Ruined inaanza na piano na besi, na besi pale inaimba, kwa hiyo mpiga gitaa akae kimya kabisa. Asiguse hata uzi.

---

ChumaChaC:
Samahani wakuu, lakini kurudisha gitaa kwenye E mnaua uzito. Bendi zote zilizotoka kwenye hii albamu zimeshusha tyuni. Korn wanashuka mpaka A. Leo ukipiga E watu wanadhani ni bendi ya harusi.

---

FundiMitambo:
Kaka, umetaja mfano mzuri, ila umeusoma kichwa chini. Korn walitumia magitaa ya nyuzi saba, uzi wa chini ukiwa A, lakini tazama walichokitoa ili jambo hilo liwezekane. Hawakuwa na mpiga kinanda. Na besi yao ikaacha eneo la kati, ikabaki na mgongo wa chini na ule mbofyo wa juu, unasikika kama mtu anagonga bomba la chuma. Walihamisha samani zote ili gitaa lilale sebuleni. Jamaa hapa ana kinanda chenye kazi kwenye kila baa ya nyimbo zote tatu. Akishusha gitaa hadi C lazima amfukuze mtu, na atakayefukuzwa ni yeye mwenyewe aliyeuliza swali.

Kama lazima mshuke kwa ajili ya sauti ya mwimbaji, shukeni wote nusu toni, kinanda kitumie kitufe cha transpozi (cha kuhamisha noti zote kwa pamoja), na gitaa liwekewe seti ya 11 hadi 49. Hapo uzi unabaki na mkazo.

---

ChumaChaC:
Sawa, la kinanda nimekubali. Harusi nabaki nayo.

---

KabatiLaKaseti:
Naomba nilichukue swali la mwisho la mleta mada, maana mabishano ya tyuni yameligusa bila kukusudia.

Kwanza mazingira. Albamu yao The Real Thing ya 1989 ndiyo iliyowapa jina, na wimbo wa Epic ulifika namba 9 kwenye chati ya nyimbo ya Billboard mwaka 1990. Mwimbaji wao Mike Patton aliingia kwenye bendi muziki wa albamu hiyo ukiwa umeshatungwa, akaandika maneno kwa haraka akarekodi. Kampuni ya rekodi ilikuwa na kila sababu ya kutaka Epic ya pili: rapu kwenye ubeti, kiitikio cha kuimba na umati, gitaa kubwa. Mwanzoni mwa 1992 wakaingia Coast Recorders, San Francisco, na prodyuza wao yuleyule Matt Wallace, na wakatoka na kitu ambacho rapu ya namna hiyo imetupwa karibu yote. Safari hii Patton alikuwa ndani ya utunzi tangu mwanzo, na mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa albamu ya kwanza na bendi yake nyingine, Mr. Bungle, ambayo ni vurugu iliyopangwa. Harufu yake imehamia huku.

Angalia walivyokusanya vitu. Malpractice, wimbo ulio karibu zaidi na metali ya kifo, una kipande kifupi cha kwarteti ya nyuzi (muziki wa ala nne za nyuzi) namba 8 ya mtunzi Shostakovich, kilichopigwa na Kronos Quartet. Crack Hitler ina sauti ya Iris Lettieri, mtangazaji wa uwanja wa ndege wa Rio de Janeiro. Be Aggressive imebebwa na ogani na kundi la wasichana wa kushangilia kama wa mechi za shule. RV ni wimbo wa kuyumba taratibu kama wa baa iliyokaribia kufungwa, na mwimbaji analalamika juu yake. Maneno ya Land of Sunshine na Caffeine yaliandikwa Patton akiwa amejinyima usingizi kwa makusudi, na sehemu ya Land of Sunshine ni zile karatasi za bahati za kwenye biskuti za migahawa ya Kichina. Albamu inafungwa na ala tupu, mandhari ya filamu ya Midnight Cowboy iliyotungwa na John Barry. Hata majina ya muda waliyokuwa wakiyatumia studio yanachekesha: Midlife Crisis iliitwa Madonna, A Small Victory iliitwa Japanese. Ukijua hilo, sikiliza tena ile melodia ya A Small Victory, utacheka.

Kwenye jalada kuna yangeyange mkubwa mweupe amejikunja shingo vizuri. Geuza nyuma: mzoga wa ng'ombe umening'inia kwenye ndoano. Hawakuona haja ya kueleza zaidi.

Ilitoka Juni 1992. Uingereza ilifika namba 2, Marekani namba 10, na Midlife Crisis ikashika namba 1 kwenye chati ya roki mbadala ya Billboard. Majira hayohayo walikuwa wakifungua maonyesho ya viwanjani ya Guns N' Roses na Metallica. Kwa hiyo ile hadithi kwamba albamu ilianguka si kweli. Ni kwamba haikuwa na Epic ndani yake, na Marekani wakaichukulia hivyo. Ulaya na Australia walikaa nayo. Jim Martin hakuupenda mwelekeo huu na hakuuficha. Mwaka 1993 akawa ametoka, na albamu iliyofuata, ya 1995, gitaa likapigwa na Trey Spruance wa Mr. Bungle. Mwaka 2003 jarida la Kerrang! likaiweka Angel Dust juu kabisa kwenye orodha yake ya albamu zenye ushawishi.

Sasa ushawishi uko wapi. Mkuu, husikii Korn humo kwa sababu unatafuta gitaa. Waliokuja baadaye walichukua ruhusa, na kila mmoja alibeba alichoweza kubeba. Wengi walibeba sauti ya binadamu: mwimbaji mmoja anayenong'ona, anayekoroma, anayeimba kama wa kanisani na kupiga ukelele ndani ya dakika tatu. Kabla ya hapo waimbaji wengi wa metali walikuwa na sauti yao moja, wakizeeka nayo. Corey Taylor wa Slipknot amesema hadharani mara nyingi Faith No More walivyomgusa, na ukisikiliza anavyohama kati ya beti na kiitikio hutahitaji ushahidi mwingine. System of a Down walibeba ruhusa ya kucheka na kutisha kwenye baa moja. The Dillinger Escape Plan hawakuridhika na kuazima, wakamchukua Patton mwenyewe, na Irony Is a Dead Scene ikatoka 2002.

Kilichoachwa njiani ni kinanda. Hapo ndipo hoja ya Fundi inapoingia. Bendi nyingi za nu-metali, yaani kundi la kina Korn na Slipknot, ziliondoa mpiga kinanda, zikashusha gitaa, halafu baada ya miaka michache zikagundua kuna shimo hewani. Wakaliziba kwa mtu wa sahani (DJ) au wa sampuli. Deftones ya White Pony, mwaka 2000, ina Frank Delgado akiweka ukungu nyuma ya gitaa. Slipknot wana mtu wa sampuli na mtu wa sahani pia. Kazi wanayofanya ni ileile aliyokuwa akiifanya Bottum kwa vidole kumi. Kwa maoni yangu wachache waliifanya vizuri kama yeye, maana sampuli inajua noti yake moja, na mpiga kinanda anasikiliza wenzake.

---

SautiYaTatu:
Mmemsahau mwimbaji wa watu. Dada au kaka yeyote anayeimba hizi nyimbo, soma hapa.

Ubeti wa Midlife Crisis watu wanauimba kwa kubana koo kwa sababu unasikika mzito. Unaimbwa kwa sauti ndogo sana, chini kwenye kifua, na ule mkwaruzo ni hewa kidogo inayopita juu ya noti ya chini. Ukali wote umeongezwa na maikrofoni. Midomo iwe sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye wavu. Maikrofoni za kawaida za jukwaani ukizisogelea hivyo zinaongeza besi zenyewe, na hiyo ndiyo nusu ya ile sauti. Kwenye kiitikio rudi nyuma sentimita 15 na uimbe kwa kifua wazi. Akibaki palepale, kiitikio kitapasua spika na fundi atamshusha, halafu ubeti unaofuata hausikiki. Hapo ndipo anapoanza kupiga kelele, na koo linakwisha kwenye wimbo wa pili.

Kipimo ni rahisi. Aimbe ubeti nzima bila maikrofoni mbele ya mtu aliyekaa mita moja. Mtu huyo akisikia vizuri kama mazungumzo, ni sawa. Akisikia kama ugomvi, anabana.

Kiitikio kwenye albamu ni sauti zilizorundikwa, si mtu mmoja. Jukwaani mnahitaji angalau mbili. Mpe mpiga besi au mpiga kinanda mstari wa juu, aimbe kwa wepesi, na kwenye mikseri awe chini ya mwimbaji mkuu kwa dB 6 hivi. Huyo wa pili akiwa na sauti sawa na wa kwanza inageuka kwaya ya kipaimara.

Mazoezi ya sehemu za ukali yasizidi dakika 20 kwa siku, yagawanywe mara mbili. Maji ya kawaida, si ya barafu. Koo likiwasha au sauti ya juu ikikatika asubuhi, siku hiyo ni kupumzika, hakuna cha tangawizi wala asali kitakachofuta uvimbe. Na kwenye orodha ya nyimbo msiweke Midlife Crisis kwanza. Anzeni na Everything's Ruined, inapasha sauti ya kifua bila kuikwaruza.

---

kinanda_tano:
Shukrani wakuu. Tumejaribu nusu ya haya leo: tyuni ya E, geini 4, mkono wangu wa kushoto nimeuondoa. Kinanda kinasikika. Bado A Small Victory inachanganya, ile melodia ya mwanzo gitaa na kinanda vikiipiga pamoja inasikika kama vinagombana. Pia, kuna anayejua nakala ipi ni nzuri ya kusikilizia? Ninayo ya mtandaoni tu.

---

FundiMitambo:
Vikipiga melodia moja, visikae oktavo moja. Gitaa lipige chini, kinanda juu kwa oktavo moja, na sauti ya kinanda iwe fupi, ya kugongwa, kama marimba au piano. Sauti ya nyuzi ndefu juu ya gitaa lenye geini zitagombana hata kwa mpangilio gani. Halafu hakikisha kinanda kiko kwenye A ya 440 Hz. Vinanda vingine vinahifadhi tyuni iliyobadilishwa na mtu wa mwisho kukitumia, na tofauti ya Hz 3 inatosha kuleta ule mtikisiko unaouita ugomvi.

---

KabatiLaKaseti:
Ya nakala: albamu ina karibu dakika 59. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika inakaa raha kwenye dakika 18 hadi 22 kila upande. Ukikuta Angel Dust kwenye santuri moja, kila upande una karibu dakika 29, kwa hiyo mifereji imebanwa, sauti imeshushwa na besi imekonda. Jizzlobber iko karibu kabisa na katikati ya sahani, ambako sindano inapata shida zaidi, na ni wimbo mzito. Kwa santuri tafuta iliyogawanywa kwenye sahani mbili.

Kwa kujifunza nyimbo, CD ya 1992 inatosha na ni rahisi kuipata ikiwa imetumika. Toleo la 2015 lina diski ya pili yenye nyongeza. Easy, ile ya Commodores, haikuwemo kwenye toleo la kwanza la nyimbo 13, iliongezwa baadaye, kwa hiyo usidhani umeuziwa nakala iliyopungua. Ukilinganisha nakala mbili, kwanza zisawazishe kwa sikio ziwe na sauti sawa. Iliyo juu kwa dB 1 tu sikio litaichagua, hata kama ndiyo mbaya.

---

BesiNaMoyo:
Na kabla ya shoo, badilini betri za kila kitu chenye betri, na simu yenye lupu iwekwe kwenye hali ya ndege. Mtu akipiga simu katikati ya Midlife Crisis, lupu inasimama na mlio wake unatoka kwenye spika za inchi 15.